Mwalimu Mgeni na Deni la Lugha

Katika kazi ya kufundisha lugha limo swali moja ambalo vitabu vya ualimu aghalabu hulipita kando. Mwalimu anapompa mtoto lugha mpya, je, baina yao ni nani amwiaye mwenziwe? Desturi yetu yajibu upesi kwamba mtoto ndiye mwenye deni. Tumelelewa tukiambiwa kuwa fadhila ya mwalimu hailipiki, wala hatuna nia ya kulipinga hilo. Walakini iko hali ambamo deni hugeuka, nayo ni pale ambapo mwalimu ni mgeni, wanafunzi nao ni wageni, na lugha inayofundishwa si ya huyu wala si ya hao, ila imesimamishwa mlangoni na asiyeijua hapiti.

Twalileta jambo hili mbele ya wasomaji kwa sababu mwanachama wetu mmoja, binti wa Tanga aliyemaliza chuo kikuu miaka michache iliyopita, alikwenda Uganda mwanzoni mwa 2024 kufundisha Kiingereza katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, akarejea katikati ya 2025. Tulikaa naye mara kadhaa. Hakurudi na hadithi za huruma kama wengi warudivyo. Alirudi na hoja, nasi twaona hoja hizo zinamhusu kila asimamaye mbele ya ubao. Shule aliyofundisha hatutaitaja, wala waliompeleka.

Nakivale iko katika Wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi ya Uganda, kando ya ziwa la jina hilo hilo. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yenye umri mkubwa kabisa barani Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda ndio waliokuwa wakaaji wa kwanza. Leo wakaaji wake wengi ni Wakongo, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Asiyepafika hupafikiria kuwa ni mahema yaliyozungukwa na seng'enge. Sivyo. Ni vijiji, mashamba ya mahindi na maharagwe, maduka, makanisa na misikiti. Na sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 humruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea. Watoto wake husoma shule moja na watoto wa wenyeji. Katika jambo hilo Uganda yastahili sifa, na tunayoyasema hapa chini yasichukuliwe kuwa ni kuiondolea sifa hiyo.

Sasa tutazame darasa. Binti wetu alipewa darasa la tatu lenye watoto zaidi ya themanini. Katika madawati ya mbele walikaa watoto wa miaka minane na tisa, wengi wao Wanyankore. Nyuma, magoti yakigonga dawati, walikaa wavulana na wasichana wa miaka kumi na mitatu na kumi na minne. Hawa walikuwa Wakongo kutoka Kivu. Kwao walikuwa wamefika darasa la tano au la sita. Walijua kugawanya sehemu, walisoma Kifaransa, na walisema Kiswahili tangu waanze kusema. Walipovuka mpaka walirudishwa chini miaka miwili au mitatu kwa sababu moja tu, nayo ni kutojua Kiingereza. Akili ya kijana wa miaka kumi na minne ikapimwa kwa kipimo cha maneno asiyoyajua, ikaonekana ni ya mtoto wa miaka minane. Tena yeye mwenyewe, baada ya miezi, huanza kuusadiki upimaji huo. Hapo ndipo penye jeraha.

Kanuni ya shule ilikuwa kwamba ndani ya darasa husemwa Kiingereza. Siku moja somo lilikuwa safari ya maji, yaani maji yapandavyo kuwa mvuke na kurudi kuwa mvua. Binti alifundisha kwa Kiingereza kwa muda wa nusu saa mbele ya watu waliokaa kimya kama waliohudhuria msiba. Mwishowe akauliza kwa Kiswahili, "Mama akibandika sufuria na kuifunika, akifunua, chini ya kifuniko mna nini?" Mikono ya nyuma yote ikapaa. Kijana mmoja ambaye tangu muhula uanze hakuwahi kufungua kinywa akaeleza mambo ya mvuke, akaongeza na ukungu wa Ziwa Kivu asubuhi, kwa ufasaha ambao, asema binti, angetamani kuusikia kwa wanachuo wenzake.

Furaha ile haikudumu. Kwenye dawati la kati palikuwa na msichana Msomali na mvulana Mnyankore, wote wawili wakiitazama midomo ya wenzao bila ya kuelewa neno. Mvulana akanyosha mkono akasema, kwa Kiingereza cha kuungaunga, "Madamu, hao unawafundisha na sisi je?"

Tungependa msomaji asimame hapo kidogo. Ni rahisi kwa sisi walimu wa Kiswahili kuisoma hadithi ya sufuria na kushangilia. Lugha yetu imefungua vinywa! Lakini swali la mvulana yule ni swali la haki, na jibu lake si jepesi. Wako wasemao kuwa Kiingereza ndicho chenye uadilifu katika darasa kama lile, kwa kuwa si cha mtu yeyote. Mkongo hakijui, Msomali hakijui, Mnyankore hakijui. Basi wote waanzie mstari mmoja. Hoja hii ina nguvu, na tumewasikia watu wenye busara wakiitoa.

Lakini ni kweli kwamba mstari ni mmoja? Tangu 2007 mtaala wa Uganda huagiza kwamba madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya mahali, darasa la nne liwe la kuvuka, kisha Kiingereza kishike hatamu. Mpango wenyewe ni wa hekima. Mtoto wa Isingiro huanza kusoma kwa lugha ya mamaye, naye akikutana na Kiingereza amekwisha jua kusoma ni nini. Lakini "lugha ya mahali" katika Isingiro ni Kinyankore, si Kiswahili wala Kisomali. Kwa hiyo pale kanuni ya shule inapolegezwa, hulegezwa kwa upande mmoja. Na pale inapokazwa, kama ilivyokuwa katika shule ya binti wetu, yule wa miaka minane ana miaka minne mbele yake ya kujifunza taratibu kabla ya mtihani wa kumaliza darasa la saba. Yule wa miaka kumi na minne hana muda huo. Nyumbani wanamhitaji shambani, au kama ni msichana, wameanza kumtazama kwa macho mengine. Kuwapa wote ugumu ule ule ni sawa na kuwatwisha mzigo mmoja mtoto na mzee na kusema mizani haikukosea. Mizani haikukosea, ni kweli. Aliyekosea ni aliyedhani kuwa kazi ya haki huisha kwenye mizani.

Basi binti afanyeje? Akisema Kiswahili anawanyima wawili. Asiposema anawanyima thelathini. Wapo watakaosema kuwa hesabu yenyewe yajibu. Sisi hatukubali kwamba watoto wawili waweza kufutwa kwa sababu ni wawili, kwani mantiki hiyo hiyo ndiyo iliyowafuta Wakongo walipokuwa wachache. Alichokifanya yeye ni kitu cha kichovu na cha kuchosha. Aligawa darasa katika vikundi vya lugha, akawapa kila kikundi muda wa kulizungumza somo kwa lugha yao, hata wale wawili wakaunganishwa na wenzao wa darasa la pili, kisha akawarudisha wote kwenye Kiingereza ili wasimuliane walichokipata. Kelele zilikuwa nyingi. Aliitwa ofisini mara mbili kuulizwa kwa nini darasa lake ni soko.

Siku za mwisho wa juma binti alikuwa akipanda gari kwenda Mbarara, mji uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2020. Huko alifikia kwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu, Mnyankore. Jioni moja, baada ya matoke, aliyasifu mbele ya mzee uamuzi wa Baraza la Mawaziri la Uganda wa Julai 2022, uliokiidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kukwamakwama, "Binti yangu, wewe lugha hii ulinyonya. Mimi niliisikia kwa mtu mwenye bunduki."

Neno hilo wengi wetu hatupendi kulisikia, na kwa hiyo ndilo lifaalo kusemwa katika jarida kama hili. Katika Uganda ya kikoloni Kiswahili kilikuwa lugha ya askari wa King's African Rifles na ya polisi. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri, na kwa watu wengi lugha ya amri ikawa ni lugha ya kizuizi cha barabarani. Februari 1979 majeshi ya Tanzania yaliuteka mji wa Mbarara, na majengo mengi ya mji yakabomolewa, kisasi cha yale ambayo majeshi ya Amin yaliyatenda Kagera. Sisi Watanzania huisimulia vita ile kama ukombozi, na ukombozi ulikuwemo. Lakini mzee aliyeuona mji wake ukigeuka kifusi aliyasikia maagizo ya kuubomoa yakitolewa kwa Kiswahili fasaha. Hapo ndipo twaona kwamba lugha haina utu wake yenyewe. Ile ile inayomfungua kinywa mtoto wa Bukavu humfunga kinywa mzee wa Mbarara, na mwalimu mgeni akiisahau nusu moja ya habari hiyo atawadhulumu watu huku akidhani anawakirimu.

Tuongeze na jingine lililo karibu yetu zaidi. Wanafunzi wa Kikongo walisema "batoto banacheza", na binti, kwa mazoea ya shule alizosomea, akaanza kuwasahihisha: "watoto wanacheza." Baada ya siku chache akaona kwamba hata Kiswahili, kimbilio lao la pekee, kimeanza kuwa chumba wanamoingia kwa kunyata. Akaacha. Je, alipaswa kuacha? Walimu wa Kiswahili twaweza kujadiliana sana juu ya usanifu, nasi hatumo miongoni mwa wale wanaoudharau. Bila ya lugha sanifu vitabu vyetu visingevuka mto mmoja. Lakini mtoto aliyeambiwa asubuhi kuwa Kiingereza chake si Kiingereza, na mchana akaambiwa kuwa Kiswahili chake si Kiswahili, jioni anakwenda kulala na lugha gani? Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alieleza katika Decolonising the Mind (1986) jinsi watoto wa shule walivyoadhibiwa na kuaibishwa kwa kusema Kigĩkũyũ. Twamsoma kwa ghadhabu na kumpigia makofi. Lakini kuna vibao vya aibu ambavyo havivikwi shingoni, na wengine kati ya wavikao ni sisi.

Hapa mtu atatuletea methali ya mwacha asili ni mtumwa. Tunaiheshimu, ila twadhani haikusemwa kwa ajili ya mtoto wa Nakivale. Yeye asili hakuiacha. Alifukuzwa nayo, akatoroka akiwa ameibeba mgongoni pamoja na mdogo wake. Kumnyima Kiingereza kwa jina la asili ni kumfungia mlango kwa ufunguo wake mwenyewe. Wapo wapenzi wa Kiswahili, na tunawajua, wanaohutubia mikutano juu ya ukasumba wa Kiingereza ilhali watoto wao wamo katika shule za Kiingereza za karo kubwa. Uzalendo unaolipwa na watoto wa wengine ni wa bei nafuu mno.

Kwa hiyo Kiingereza kifundishwe. Lakini kifundishwe kwa ahadi gani? Hili ndilo lililomsumbua binti kuliko yote. Katika shule ile, kama katika nyingi za aina yake, kichocheo cha somo kilikuwa safari. Mtoto mvivu aliambiwa, "Ukifika Marekani utaombaje maji?" Ukutani palikuwa na picha ya mji wenye theluji. Haikuwa uongo mtupu, maana jamaa za watoto hao walikuwa wamekwisha kuhamishiwa Marekani, Kanada na kwingineko, na barua za simu zilikuja kutoka huko. Kisha Januari 2025 serikali ya Marekani ikausimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi. Familia zilizokuwa zimekamilisha mahojiano zikabaki na mizigo iliyofungwa. Kijana yule yule wa mvuke alikuja siku ya Jumatatu bila ya daftari, akauliza, si kwa ukorofi, "Madamu, sasa hiki cha nini?"

Ahadi ile hakuitoa yeye, aliikuta ukutani. Hata hivyo swali liliulizwa mbele yake, na mwalimu hawezi kumwambia mtoto akamuulize aliyebandika picha. Lau kama lugha hufundishwa kwa sababu ya kitakachopatikana nje yake, kitu hicho kikiondoka lugha nayo yaondoka, na mtoto aona ametapeliwa miaka miwili. Twajua jibu la kupendeza lililo tayari kwa hali kama hiyo, kwamba elimu ni taa na mengineyo. Binti hakulitoa. Alimwambia kwamba hajui kama njia ya Marekani itafunguliwa tena. Kwamba mtihani wa darasa la saba ni wa Kiingereza na uko Uganda. Kwamba karatasi za kliniki, za mashamba na za ofisi ya wakimbizi ambazo mama yake hutia dole gumba zimeandikwa kwa Kiingereza, na asiyezisoma husomewa na mtu ambaye pengine hampendi. Kijana alirudi kesho yake na karatasi moja ya mama yake. Wakaisoma. Jioni ile binti aliibandua picha ya theluji, jambo ambalo halikumpendeza kila mtu.

Twaona katika hilo kiini cha deni tulilolitaja mwanzo. Mwalimu wa lugha ya mlangoni anamwia mtoto ukweli juu ya mlango, kwamba uko wapi, unafunguka kwa kiasi gani, nani ameushika, na siku gani umefungwa. Kumficha hayo kwa kuogopa kumkatisha tamaa ni kumfanya mtoto awe mali ya tumaini la mtu mwingine.

Juu ya kuondoka tutasema machache. Huja vijana wengi katika makazi ya wakimbizi, wa Ulaya na sasa hata wa kwetu, wakakaa majuma sita, wakaimba na watoto, wakapiga picha, wakaenda zao. Hatuwasemi kwa ubaya. Wengine hufanya kazi nzuri. Lakini mtoto ambaye amekwisha kuachwa na watu wengi hahitaji kuzoezwa kuachwa kwa nyimbo. Binti aliwaambia siku yake ya kuondoka miezi miwili kabla, akaiandika pembeni mwa ubao, na kila Ijumaa wakazihesabu pamoja siku zilizobaki. Wengine walikasirika mapema, na yeye aliona ni afadhali wakasirike yeye yupo.

Jambo la mwisho tulilisikia kwa kuchelewa, kana kwamba halikuwa na uzito. Katika darasa lile alikuwamo mtu mzima wa pili, mama wa Kikongo wa umri wa makamo, mkimbizi, ambaye cheo chake kilikuwa msaidizi. Kazi yake ilikuwa kufasiri na kunyamazisha. Binti alikaa naye mwezi mzima kabla ya kujua kwamba mama yule alifundisha shule ya msingi Bukavu kwa miaka kumi na tisa. Cheti chake ni cha Kifaransa, na kwa sababu hiyo Uganda hakimpi ualimu. Binti wa Tanga, asiyekuwa na cheti cha ualimu hata kimoja, aliwekwa juu yake kwa ajili ya Kiingereza chake.

Walipojuana, mambo yalibadilika. Usiku walitayarisha masomo pamoja. Mmoja alileta maneno, mwingine alileta ualimu. Vikundi vile vya lugha ambavyo tumevisifu huko juu vilikuwa ni fikra ya yule mama. Ndiye aliyesema, "Mwanangu, watoto hawa waache waseme kwanza, makosa yatakuja yenyewe tuyaone." Binti naye akawa akimfundisha Kiingereza kila siku baada ya masomo.

Wale wapelekao vijana ng'ambo huuliza kama kijana anajua Kiingereza vya kutosha. Hatujasikia bado wakiuliza ni nani aliye tayari kule, mwenye kazi hiyo mikononi, ambaye angehitaji tu kufundishwa miezi kadhaa na kutafsiriwa cheti. Gharama yake ingekuwa ndogo kuliko nauli. Binti ameuandikia uongozi wa waliompeleka kupendekeza hivyo, na mpaka tunapoandika hajapata jibu. Mama yule sasa analifundisha darasa lile peke yake, kwa Kiingereza, Kiswahili na Kinyankore alichojifunza sokoni, na posho anayolipwa ni ile ile ya msaidizi.